Mfumo rahisi wa faili? Niambie kwanza, rahisi kwa nani

Bila shaka yamewahi kukupata. Umeenda kwa jamaa wa filamu pale mtaani na flashi yako ya GB 32, iko tupu kabisa, unataka akuwekee filamu moja tu, ile yenye picha safi. Anaivuta, anaiachia, kompyuta inagoma: eti faili ni kubwa mno. Unamwangalia, anakuangalia. GB 32 ziko wazi, filamu ni GB 5, sasa kubwa mno kivipi? Yeye anashuku flashi yako ni feki, wewe unashuku kompyuta yake.

Hakuna feki hapo (sawa, pengine flashi pia ni feki, hii ni Nairobi). Shida ni mfumo wa faili, yaani ule utaratibu ambao kompyuta hutumia kujua faili gani imekaa wapi, inaitwaje na ina ukubwa gani. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini huja na FAT32. Ni mfumo wa mwaka wa 1996, lakini ukoo wake unarudi hadi FAT ya kwanza ambayo Marc McDonald wa Microsoft aliiandika mwaka wa 1977. FAT32 huandika ukubwa wa kila faili kwa namba ya biti 32, na namba hiyo haifiki mbali: ikigonga GB 4 imeisha. Kuna mtu aliona hiyo inatosha, akapunguza mambo, na wewe leo unarudi nyumbani bila filamu.

Nimeanza na filamu kwa sababu ningeanza na maziwa ungefunga huu ukurasa. Lakini habari yenyewe ni ya maziwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Nakumbuka mhadhiri alitufundisha mifumo ya faili kwa muda wa wiki moja hivi, slaidi baada ya slaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali. Tulijua iko kwenye mtihani, tukakariri. Sasa nafanya hasla na rafiki yangu: tunaunda vifaa vidogo kwa chipu za bei nafuu. Vipimo vya maji kwenye tangi, taa za vibanda vya kuku, vitu kama hivyo. Mwaka juzi tukapata kazi yetu ya kwanza ya maana. Kikundi cha wakulima kama 140, mwendo wa saa mbili na matatu kutoka mjini, walitaka mizani yao ya maziwa ijiandikie yenyewe. Mkulima anakuja na mkebe asubuhi na jioni, karani anabonyeza namba yake, mizani inasoma kilo, kifaa kinaandika kwenye kadi ya memori. Mwisho wa mwezi kadi inachomolewa, hesabu inapigwa, watu wanalipwa.

Ukifikiria, hiyo kadi ni pesa. Kila mstari ndani yake ni unga, karo au deni la dukani la mtu fulani.

Tulifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Tukachukua maktaba ya FAT32 iliyo tayari, ya bure, tukafungua faili moja na kuongeza mstari kila mkebe ulipopimwa. Ilifanya kazi vizuri kweli. Tulikuwa na folda, majina marefu, tarehe za faili, karani aliweza kuchomeka kadi kwenye kipakatalishi (ndiyo mwalimu, nimelitumia hilo neno) na kufungua kila kitu kwa Excel. Siku ya 19, stima ikapotea katikati ya kupima. Ikarudi, kifaa kikakataa kusoma kadi. Tukaipeleka kwenye kompyuta, kompyuta nayo ikatuuliza kama tungependa kuiformati.

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu 140 ambao wanajua wewe ndiye uliyepoteza siku 19 za maziwa yao. Hawakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Hebu nikueleze kilichotokea ndani ya ile kadi, maana hapa ndipo nilipoanza kuelewa zile slaidi. Kuongeza mstari mmoja wa herufi 40 kwenye faili ya FAT si kazi moja. Kwanza data yenyewe inaandikwa. Kisha kwenye orodha ya folda, ile sehemu inayosema "faili hii ina ukubwa huu" inaandikwa upya. Nafasi ya faili ikijaa, mfumo unatafuta nafasi nyingine, unaiweka alama kwenye jedwali kuu, halafu unarudia kwenye nakala ya pili ya jedwali. Hizo ni sehemu tatu au nne tofauti za kadi ambazo lazima zikubaliane. Stima ikienda katikati, hazikubaliani. Na FAT haina njia ya kukumbuka ilikuwa inafanya nini. Mifumo mikubwa kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux huandika kwanza kwenye shajara kile inachotaka kufanya, kisha ndipo inakifanya, hivyo ikiamka inajua ilipoachia. FAT ikiamka ni kama mlevi asubuhi.

Usiku huo mwenzangu aliandika programu ndogo ya kusoma kadi nzima kipande kwa kipande bila kujali mfumo wa faili, kutafuta tu kitu chochote kinachofanana na mstari wetu. Na mistari ilikuwepo! Siku 17 kati ya 19 zilikuwa zimekaa pale nzima, kilo kwa kilo. Yaani maziwa hayakupotea kamwe. Kilichokufa ni orodha na majedwali, zile fanicha tulizoizungushia data ili ionekane nadhifu. Fanicha ndizo zilizoziba mlango nyumba ilipoungua.

Zile siku mbili zilizobaki ziliokolewa na shosho mmoja mwenye ng'ombe wawili, pamoja na wenzake waliokuwa na tabia kama yake. Alikuja na daftari la shule la kurasa 32. Kila siku alikuwa ameandika kilo zake kwa kalamu ya wino, mstari chini ya mstari. Akikosea, anapiga mstari juu ya kosa na kuandika upya chini yake. Hafuti. "Kijana wangu," aliniambia, "hicho chako kikipata akili kitaandika kama hivi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Kwenye matatu ya kurudi nikaacha kucheka, nikaanza kuchora.

Kile tulichochora hakistahili hata kuitwa mfumo wa faili. Kadi za memori husomwa na kuandikwa kwa vipande vya baiti 512. Tukasema: mkebe mmoja, kipande kimoja. Ndani yake unaweka namba ya mfululizo, namba ya mkulima, saa, kilo na namba ya ukaguzi inayopigwa kutokana na hivyo vyote, ili kipande kikiandikwa nusu tujue. Hakuna jina la faili, folda, jedwali wala kufuta. Kipande kikishaandikwa hakiguswi tena.

Mwenzangu alishtuka. Taarifa yenyewe ni baiti 16, kwa hivyo tunatupa baiti 496 kila mara! Tukapiga hesabu. Wakulima 140, mara mbili kwa siku, ni vipande 280, kama KB 140 kwa siku. Kwenye kadi ya GB 8, hiyo ni zaidi ya miaka 150. Hakuna ng'ombe wala programa atakayekuwepo. Huo ubadhirifu ulitununulia kitu: kila kipande kinajieleza chenyewe, hakihitaji kuulizia kwa jirani. Na kifaa kikiwaka kinatafuta mwisho wa orodha kwa kugawa kadi katikati, kisha katikati ya nusu, hivyo hivyo, na kwa vipande zaidi ya milioni 15 kinaupata kwa kuchungulia mara 24 tu.

Wazo hili si letu, usije ukadhani najipigia debe. Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwaka wa 1991 jinsi ya kutengeneza mfumo mzima wa faili kama daftari moja refu ambalo unaongeza mwishoni tu. Shida kubwa waliyopambana nayo ilikuwa usafi. Watu wakifuta na kubadilisha faili, daftari linajaa mabaki, kwa hivyo lazima kuwe na mfanyakazi anayezunguka nyuma kukusanya nafasi zilizoachwa, na huyo mfanyakazi ndiye mgumu kumtengeneza. Sisi tulimkwepa kwa kukataa kitu kimoja: kufuta. Ukiondoa kufuta, mfanyakazi wa usafi hana kazi, na mistari mingi ya programu pamoja na makosa yake yote yanaondoka naye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema sifa moja zaidi haiui. Sifa haiji peke yake. Ukikubali kufuta, umekubali usafi. Ukikubali majina marefu, umekubali mahali pa kuyaweka. Windows 95 ilipotaka kuwapa watu majina marefu bila kuua FAT ya zamani, yenye herufi nane tu na tatu za mwisho, ililazimika kukata jina vipande vya herufi 13 na kuvificha kwenye orodha ya folda kwa alama ambayo programu za zamani zilikuwa zinairuka. Ujanja mzuri sana, nauheshimu, lakini jina la faili moja sasa linakaa sehemu kadhaa ambazo zinaweza kukosana. Kila kifaa kinachosoma FAT leo, hata redio ya matatu yenye shimo la flashi, kinatakiwa kuuelewa ule ujanja wa 1995 kikitaka kuonyesha jina zima la wimbo.

Na chipu zenyewe si kompyuta. Yetu ni ESP32, ina KB 520 za memori ya ndani. Ile Arduino Uno ya wanafunzi ina KB 2, kwa hivyo kipande kimoja tu cha kadi kinakula robo ya akili yake yote. Ukimletea huyo ZFS, ule mfumo wa Sun Microsystems unaokagua kila baiti, unaohifadhi picha za jana na juzi na kuunganisha diski nyingi kuwa moja, ni kama kufunga injini ya trela kwenye bodaboda. Injini yenyewe haina shida, inajua kazi yake barabarani.

Basi tukarudi kijijini na lile daftari letu, vifua mbele. Wakulima wakasema sawa, lakini mwezi wa kwanza karani ataandika kwenye karatasi pia. Tuliudhika kidogo. Tukachomoa stima makusudi mara kadhaa katikati ya kupima, kila mara kifaa kinaamka na kuendelea kutoka mstari wa mwisho. Tulichomoa mbele ya watu, kama wanasarakasi.

Siku ya sita karani akachukua kadi, akaichomeka kwenye kipakatalishi aone kilo za wiki. Windows haikuona FAT, haikuona chochote inachokijua, ikamwambia lazima diski iformatiwe kabla ya kutumika. Akabonyeza ndiyo.

Kwani angebonyeza nini? Ule ujumbe unasema lazima. Na kuformati kwa haraka huandika mwanzoni mwa kadi, pale pale sisi tulipoanza kuweka mikebe yetu. Vyote vikaenda. Safari hii hakuna programu ya usiku ambayo ingetuokoa, maana tofauti na mara ya kwanza, data yenyewe ilikuwa imeandikwa juu. Hatukupoteza hata kilo moja kwa sababu tu wakulima walikataa kutuamini, na karatasi zilikuwepo.

Mwenzangu alimlaumu karani kwenye gari njia nzima. Mimi pia nilimlaumu kwa kama kilomita 10 hivi. Halafu nikajiuliza hiki kitu tunachojisifu nacho, eti ni rahisi, ni rahisi kwa nani? Toleo la kwanza lilikuwa rahisi kwa karani na hatari kwa maziwa. La pili lilikuwa rahisi kwetu sisi. Programu fupi, hakuna majedwali, tunaielewa yote kichwani. Ule ugumu haukuwa umeondoka, tulimsukumia karani bila kumwambia. Alitakiwa kukumbuka milele kwamba kadi hii moja, inayofanana na kadi nyingine zote duniani, hairuhusiwi kuchomekwa. Huo si urahisi bana, huo ni uvivu wetu.

Ukitaka kuona kuwa si sisi tu, angalia SPIFFS, mfumo mdogo wa faili ambao watu wengi wa ESP8266 na ESP32 walianza nao. Hauna folda. Ukiandika jina lenye mkwaju ndani, ule mkwaju ni herufi tu kama nyingine. Mtu aliyeuunda alikuwa na sababu nzuri, alitaka utoshee kwenye chipu finyu. Lakini watu walihitaji folda, kwa hivyo kila mmoja akajitengenezea folda za uongo ndani ya majina. Baadaye ikaja littlefs, ambayo ina folda za kweli na imeundwa tangu mwanzo kuvumilia stima kukatika, na bado inatumia memori kidogo. Wale wanaotunza programu za Arduino kwa ESP8266 wakatangaza kuwa SPIFFS imepitwa, hamieni huku. Kwa hivyo usinisome vibaya, sisemi toa kila kitu. Folda haikuwa anasa pale.

Unaweza kuniuliza mbona hatukuweka littlefs tukalala. Tuliijaribu mezani na tukaipenda, lakini Windows haiijui, na karani angekutana na ule ule ujumbe wa kuformati. Kwetu sisi sifa iliyokuwa muhimu kuliko zote ni ile tuliyoidharau zaidi: kadi ifunguke kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida.

Toleo la tatu lilitoka kwenye ubishi wa siku nne na sufuria kadhaa za ugali na sukuma. Tunatumia FAT32. Ndiyo, ile ile. Ila tunaiandika mara moja tu, siku tunayotayarisha kadi huku mjini. Tunaunda faili 12, moja ya kila mwezi, kila moja ikiwa na mistari 20,000 mitupu iliyojazwa nafasi, mstari mmoja ukiwa baiti 512 kamili, na faili yote imelala mfululizo kwenye kadi bila kukatika. Kuanzia hapo orodha za FAT haziguswi tena. Ukubwa wa faili haubadiliki, nafasi hazitafutwi, jedwali halina la kufanya. Kifaa kikifika kijijini kinakumbuka tu kila mwezi unaanzia kipande gani, na kinaandika juu ya ule mstari mtupu unaofuata, kwa maandishi ya kawaida, na koma kati ya safu. Kutafuta mwisho ni kuchungulia mara 15.

Kompyuta ya karani inaona kadi nzuri yenye faili 12 zinazofunguka kwa Excel. Chipu yetu inaona daftari la shosho. Na kuna raha ndogo nisiyoweza kuinyamazia: tulikataa majina marefu, tukabaki na zile herufi nane za kizamani, na miezi yote ya Kiswahili inatoshea. Hata FEBRUARI na SEPTEMBA. Hesabu mwenyewe.

Hatukukataa kila kitu. Kifaa kikishaandika, kinasoma tena kile kipande na kulinganisha, ndipo neno IMEANDIKWA linaonekana kwenye kioo. Hiyo inachelewesha kidogo na inafaa kabisa, kwa sababu karani asipoliona anapima tena. Tuliweka pia alama ya kusoma tu kwenye zile faili, ili Excel isije ikazihifadhi upya mahali pengine. Na tuliongeza betri ndogo ya sekunde chache, kwa maana kadi za bei rahisi zina kompyuta yao ndani inayohamisha data kwa mafungu makubwa kuliko baiti 512, na stima ikikatika katikati ya huko hata mistari ya jirani inaweza kuumia. Hilo huwezi kulitatua kwa programu hata ukae Berkeley miaka kumi.

Usimbaji wa siri tuliukataa. Mwenzangu aliutaka sana, inasikika vizuri ukimwambia mteja. Nikamuuliza ufunguo utakaa kwa nani, na siku huyo mtu akihama au akifa tutafanyaje. Badala yake kadi haina majina wala namba za vitambulisho, ina namba za wakulima tu, na orodha ya nani ni nani inakaa kwenye kabati la ofisi. Kwa kuzingatia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nadhani hiyo ni bora kuliko kufunga kwa kufuli kitu ambacho hukuhitaji kukiweka pale.

Jambo lililotuletea joto ni kufuta. Baada ya miezi miwili mmoja wa wakubwa wa kikundi alitupigia simu akauliza, kwa upole kabisa, kama tunaweza kuongeza kitufe cha kuondoa mstari. Makosa hutokea, alisema, karani anabonyeza 41 badala ya 14. Ni kweli hutokea. Tukamwambia kuna njia: karani anaandika mstari mpya wenye kilo hasi kwa 41, na mwingine kwa 14, vyote vinabaki vinaonekana na saa zake. Akasema hiyo inachafua ukurasa. Tukamwambia ndiyo, inachafua. Kimya kirefu. Sisemi alikuwa na nia mbaya, huenda alitaka ukurasa safi tu. Lakini siku tulipoondoa kufuta tulidhani tunaokoa memori na mistari ya programu. Kumbe tulikuwa tumeamua pia nani anaweza kugusa maziwa ya shosho baada ya yeye kwenda nyumbani, na hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote. Mkutano wa wakulima ulipouliza suala hilo kwa sauti, walisema libaki hivyo. Ningependa kukuambia kwamba tulilipanga, lakini tuliliokota njiani.

Kwa hivyo mtu akiniambia leo ameunda mfumo wake wa faili na una sifa 30, simuulizi ni zipi. Namuuliza stima ikienda sasa hivi ni nani anapoteza nini, na kesho asubuhi nani ataishika hiyo kadi. Akiniambia ni mwepesi sana, mistari 300 tu, naye namuuliza vivyo hivyo.

Shosho bado anaandika kwenye daftari lake. Mwisho wa kila mwezi analinganisha na karatasi ya Excel, na mpaka sasa hatujatofautiana naye hata nusu kilo, ila mara moja, na aliyekosea alikuwa yeye. Alipiga mstari juu yake.

Kuna tatizo moja hatujalitatua. Kadi ina miezi 12, na ng'ombe hawajui mwaka mpya. Maziwa ya jioni ya Desemba 31 yanaingia kwenye kadi ya zamani, ya asubuhi ya Januari 1 yanataka kadi mpya, na mizani inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Tungeweza kuandika programu inayovuka yenyewe hadi kwenye kadi ya pili. Tumelifikiria, tukahesabu ni njia ngapi mpya za kuharibika zitaingia nayo. Mwenzangu amesema yeye siku hiyo atakuwa na familia. Nimeshauliza nauli ya matatu.